Daftari la karatasi au kifaa cha kielektroniki: kipi kinamlinda dereva wa lori?

Marekani, dereva wa lori la mizigo anaruhusiwa kuendesha saa 11, zote ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Saa hizo hazikubadilika Desemba 2017, kifaa kilipokuwa lazima kwa madereva wengi. Kilichobadilika ni nani anayeziandika.

Kwenye daftari, dereva huchora mstari kwa kalamu katika jedwali la ngazi nne: mapumziko, kitanda cha lori, kuendesha, na kazi nyingine. Akisota saa nne akisubiri kupakuliwa mzigo, kalamu inaweza kuzigeuza kuwa usingizi. Bosi naye anajua hivyo, na anaweza kumbana azigeuze.

Kifaa kimeunganishwa na injini. Lori likivuka maili 5 kwa saa, kinajiandikia chenyewe kwamba linaendeshwa. Hapo nakiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa dereva aliyechoka anapata ushahidi wa kumwekea bosi mezani. Lakini zile saa 14 hazisimami eti kwa sababu foleni ghalani ni ndefu, na anayelipwa kwa maili hutoka pale akikimbizana na muda, usiku, akitafuta maegesho ambayo yameshajaa. Muda wa kusubiri ungelipwa, lawama nyingi kwa kifaa zingeisha.

Mabadiliko ya 2020 yalilegeza kamba kidogo: mapumziko yanaweza kugawanywa saa 7 na 3, bila kuhesabiwa ndani ya zile 14. Wenye injini za kabla ya 2000 bado wanaruhusiwa karatasi.