WSJT-X Inapogoma Kufunguka kwenye Kompyuta ya Mezani: Uzoefu Wangu

Ninaitumia WSJT-X karibu kila jioni, kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 10 iliyounganishwa na redio ya HF (mawimbi mafupi) kwa waya mmoja wa USB, na kwa maoni yangu hakuna programu nyingine ya redio ya ridhaa inayompa mtu mwenye antena duni mawasiliano mengi kama hii. Uzuri wake inapofanya kazi umeshasemwa na wengi, na sitaurudia kwa kirefu. Ninachotaka kukieleza ni hali ambayo mtumiaji anaweza kuikuta siku yoyote: unabofya aikoni mara mbili, picha ya ufunguzi inajitokeza kwa sekunde chache, kisha inapotea, na baada ya hapo huoni dirisha wala ujumbe wowote.

Kwa asiyeifahamu, hii ni programu huria isiyolipiwa ya kutuma na kusoma ujumbe mfupi wa maandishi kupitia redio, iliyoanzishwa na Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua palsa (nyota inayotoa mapigo ya mawimbi ya redio) inayozungukana na nyota nyingine. Herufi WS mwanzoni mwa jina la programu zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya ishara dhaifu, na JT ni kipande cha kolisaini ya Taylor, yaani utambulisho wa kituo chake cha redio, K1JT. Mtindo wa FT8, ambao yeye na Steve Franke, K9AN, waliutoa mwaka 2017, ndio unaowavutia wengi wetu: kila ujumbe hurushwa kwa sekunde 12.64 ndani ya zamu ya sekunde 15, huchukua upana wa hezi 50 tu, na husomeka hata ukiwa umezama chini ya mngurumo wa anga kwa desibeli 20 hivi, ukipimwa katika upana wa hezi 2500. Mimi niko Tanga, katika mraba wa KI94 wa ramani wanayoitumia wanaredio, na waya wangu umefungwa kwenye mnazi. Kwa sauti ya kawaida sisikiki mbali, lakini kwenye megahezi 14.074 Wajapani na Waitaliano wananijibu. Programu ikigoma, kituo changu chote kinakuwa bubu, maana redio peke yake haiwezi kufanya kazi hiyo.

Ushauri wa kwanza utakaopewa na karibu kila mtu ni kuiondoa programu na kuisakinisha upya. Fundi mmoja wa kompyuta hapa mjini alikwenda mbali zaidi na kupendekeza apige Windows upya, jambo nililolikataa kwa heshima. Ushauri huo una kasoro ya msingi. Waundaji wa WSJT-X wametenganisha programu yenyewe na vitu vya mtumiaji: programu hukaa, kwa kawaida, katika C:\WSJT\wsjtx, ilhali mipangilio, kumbukumbu za mawasiliano na mafaili ya kazi hukaa katika folda ya mtumiaji inayofikiwa kwa kuandika %LOCALAPPDATA%\WSJT-X kwenye upau wa anwani wa kivinjari cha mafaili. Ukiiondoa programu, folda hiyo ya pili haiguswi. Ukiisakinisha tena, programu mpya inasoma mafaili yaleyale ya zamani, pamoja na hilo lililoharibika, na inagoma vilevile. Ni sawa na kubadilisha kitasa cha mlango ilhali ufunguo ndio uliopinda.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni Task Manager, inayofunguka kwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. WSJT-X si programu moja; ni mbili zinazofanya kazi bega kwa bega. Ya kwanza, wsjtx.exe, ni dirisha unaloliona, na ya pili, jt9.exe, ni kisimbuzi kinachokaa nyuma ya pazia na kuchambua sauti inayotoka redioni. Mbili hizo hupashana habari kupitia sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta wanayoitumia kwa pamoja. Waya wa USB ukichomoka wakati wa kurusha, au mawimbi ya antena yako mwenyewe yakiingia kwenye waya huo na kuichanganya kompyuta, dirisha linaweza kufungwa huku mojawapo ya sehemu hizo ikibaki hai. Hapo ukibofya aikoni, ama hakitokei kitu, ama unapata ujumbe usemao kwamba huenda nakala nyingine inaendelea kufanya kazi, pamoja na swali kama faili la kufuli lililobaki, lile linalozuia nakala mbili kufunguka kwa pamoja, lifutwe. Wengi hubonyeza ndiyo bila kutazama. Mimi naona ni bora kwanza uende kwenye orodha ya Task Manager, utafute majina yote mawili, uyafunge, ndipo ujibu ndiyo. Ukilifuta faili la kufuli wakati nakala ya zamani bado ipo, utakuwa na nakala mbili zinazogombea redio moja na kadi moja ya sauti, na matatizo yatakayofuata ni magumu zaidi kuyaelewa kuliko lile la mwanzo.

Zipo nyakati ambapo dirisha hujitokeza, kisha hufuatwa mara moja na kisanduku cha kosa kinachosema kwamba mchakato wa ndani umeshindwa, na chini yake mstari mrefu unaoanza na jt9. Hapo kinacholalamikiwa ni kisimbuzi, na nimeona sababu mbili. Moja ni programu ya kuzuia virusi, ambayo hulitilia shaka faili la jt9.exe na kulitia karantini. Dawa yake ni kulirejesha na kuiorodhesha folda ya C:\WSJT miongoni mwa zile zisizokaguliwa, mradi uwe na hakika kwamba uliipakua programu kutoka kwa waundaji wenyewe. Nyingine ni faili dogo liitwalo jt9_wisdom.dat, lililomo katika folda ya mtumiaji niliyoitaja. Ndani yake kisimbuzi huweka njia za haraka za kufanya hesabu zake kwenye kompyuta yako, ili zisitafutwe upya kila siku, na likiharibika hukiangusha kisimbuzi chenyewe. Kulifuta hakuna hasara yoyote, kwa kuwa hutengenezwa tena.

Tatizo lililonichukulia muda mwingi zaidi, hata hivyo, lilikuwa la mipangilio, na chanzo chake kilikuwa umeme. Jioni hiyo umeme ulikuwa ukikatika na kurudi papo hapo, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa cha akiba ya umeme) haina subira ya betri kama ilivyo kompyuta mpakato. Inazimika katikati ya jambo lolote inalolifanya, ikiwa ni pamoja na kuandika kwenye diski. Umeme ulipotulia, Windows iliwaka vizuri, kivinjari cha intaneti kilifunguka, redio ikaonekana kwenye orodha ya vifaa, lakini WSJT-X ilionyesha picha ya ufunguzi na kutoweka. Katika Task Manager hapakuwa na mabaki ya wsjtx.exe wala jt9.exe, kwa hiyo suala la nakala iliyonasa liliondoka.

Hapa ndipo niliposhukuru kwamba programu hii ina kipimo chake cha ndani, ambacho nashangaa hakitajwi mara nyingi. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha ukaandika C:\WSJT\wsjtx\bin\wsjtx.exe --rig-name=jaribio, programu hufunguka kwa jina jingine na kujitengenezea folda mpya kabisa ya mtumiaji, yenye mipangilio ya kiwandani, bila kuigusa ile ya kwanza. Neno la mwisho unaweza kuweka lolote upendalo. Jibu la jaribio hilo halina utata: ikifunguka, programu ni nzima na ubovu umo katika mafaili yako, isipofunguka, ubovu umo katika programu au katika Windows, na hapo tu ndipo kusakinisha upya kuna maana. Kwangu ilifunguka mara moja, ikiniomba niingize kolisaini kana kwamba sijawahi kukutana nayo.

Nilirudi kwenye folda ya zamani na kulifungua WSJT-X.ini kwa Notepad. Faili lililo zima husomeka kwa macho ya kawaida: lina vichwa vilivyofungwa katika mabano ya mraba, na chini yake mistari kama MyCall= na MyGrid= inayofuatiwa na maelezo yako. Langu lilikuwa na ukubwa ule ule wa kawaida katika orodha ya mafaili, na mtu angeweza kuliona na kupita. Ndani yake palikuwa patupu. Notepad ilionyesha mstari mmoja mrefu wa nafasi, hakuna kichwa wala herufi. Hivyo ndivyo inavyotokea mara nyingi umeme unapokatika wakati diski imeshatengewa nafasi ya faili lakini maandishi yenyewe hayajafika. Sikulifuta. Nilibadilisha jina lake likawa WSJT-X-bovu.ini, nikanakili mahali pake nakala niliyokuwa nayo kwenye flashi, nikabofya aikoni, na dirisha kuu likaja pamoja na lile la maporomoko, linaloonyesha ishara zinazopokewa, rangi za buluu na njano zikianza kushuka kama kawaida. Asiye na nakala atalazimika kuingiza upya kolisaini, mraba wake, aina ya redio, namba ya lango la COM (njia ambayo kompyuta huitumia kuongea na redio) na kadi ya sauti. Ni kazi ya muda, lakini si msiba.

Msiba ungekuwa kuifuta folda nzima, na hili nalisisitiza kwa sababu baadhi ya watu hulishauri kama njia ya kusafisha kila kitu. Humo ndimo limo wsjtx_log.adi, yaani orodha ya mawasiliano yote uliyoyaweka kwenye kumbukumbu tangu siku ya kwanza. Asiyeyapeleka mawasiliano yake kwenye Logbook of The World, daftari la mtandaoni la ARRL, chama cha redio ya ridhaa cha Marekani, au huduma nyingine ya aina hiyo hana mahali pengine pa kuyapata. Faili la ALL.TXT, ambalo huandika kila ujumbe uliosimbuliwa na huweza kunenepa kupita kiasi, unaweza kulihamisha bila wasiwasi. Mimi hunakili WSJT-X.ini na wsjtx_log.adi kwenye flashi kila ninapobadilisha jambo la maana, na kompyuta sasa imewekewa UPS ndogo inayotosha kunipa muda wa kuifunga kwa utaratibu.

Wapo pia wanaosema programu imegoma ilhali imefunguka. Ikiwa dirisha limekuja lakini duara dogo la hali ya redio ni jekundu, kinachokosekana ni mazungumzo kati ya kompyuta na redio, na mara nyingi ni namba ya lango la COM iliyobadilika baada ya waya kuchomekwa kwenye tundu jingine. Ukichagua kwa muda kwamba hakuna redio, utaona programu inatulia. Ikiwa maporomoko yanaonyesha ishara nyingi lakini hakuna hata mstari mmoja unaosimbuliwa, tazama saa. FT8 inahitaji saa ya kompyuta yako isipishane na ya wengine kwa zaidi ya sekunde moja au mbili, na kompyuta ya mezani ya zamani ambayo betri yake ya CR2032 kwenye ubao mama imekwisha hupoteza wakati kila umeme unapokatika. Betri hiyo ya duara huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya saa. Kwa watumiaji wa Mac, ujumbe kuhusu kumbukumbu ya pamoja unaozuia programu kufunguka huwa na jibu katika maelezo yanayokuja na kifurushi chenyewe, yanayoelekeza namna ya kuongeza kiwango cha kumbukumbu hiyo. Mimi situmii Mac, lakini maelezo hayo yako wazi kwa anayeyasoma kabla ya kubofya.

Lawama yangu kwa programu hii ni moja, nayo ni ukimya. Kisimbuzi kinachoweza kuokota neno kutoka kwenye kelele za dunia nzima kinapaswa kuwa na uwezo wa kusema kwamba faili la mipangilio halisomeki na kuuliza kama lianzishwe upya. Vilevile, amri ya kufungua folda ya mtumiaji imewekwa ndani ya menyu ya programu, mahali ambapo huwezi kufika siku unayoihitaji kuliko siku zote, na folda yenyewe Windows imeificha. Dirisha lina tafsiri za lugha kadhaa, zikiwamo Kihispania na Kijapani. Kiswahili hakimo, na kwa kuwa msimbo uko wazi, hilo liko mikononi mwetu wenyewe kuliko mwa waundaji.

Pamoja na hayo, ninaipendekeza bila kusita kwa yeyote aliye na leseni, awe na kolisaini ya 5H ya Tanzania, 5Z ya Kenya au ya nchi nyingine yoyote. JTDX na JS8Call, zilizochipuka kutoka kwayo, zina folda zao chini ya %LOCALAPPDATA% kwa majina yao, na kwa kiasi kikubwa hukaguliwa kwa utaratibu huuhuu: mchakato ulionasa kwanza, mipangilio pili, na kusakinisha upya mwisho kabisa.