Maabara ya kupima maganda ya foraminifera: kwenye joto wako vizuri, safu ya chumvi hapana

Nimetumia huduma ya maabara moja kupima kemia ya maganda ya foraminifera (viumbe vidogo sana vya baharini) kutoka mashapo ya chini ya bahari, ili kujua joto na chumvi ya bahari ya kale, na nawapa nyota 4 kati ya 5, ila someni mpaka mwisho kabla hamjatuma sampuli zenu.

Mwanzo tu niliwakubali. Wanataka spishi moja, mimi nilituma Globigerinoides ruber, ukubwa wa mikromita 250 mpaka 350, mchanganyiko hawapokei kabisa na wako sahihi maana kila spishi ina kina chake cha kuishi.

Usafishaji ndo umenifurahisha zaidi. Maganda wanayavunja kidogo vyumba vifunguke, wanayaosha kwa maji safi na methanoli huku yakitikiswa kwa mawimbi ya sauti, alafu perioksaidi inamaliza mabaki ya viumbe. Udongo wa mfinyanzi una magnesiamu kibao, ukibaki humo hata kidogo unapata joto la bahari ambalo halikuwepo. Hawa kwenye ripoti wanakuwekea aluminiamu, chuma na manganizi pembeni ya uwiano wa magnesiamu kwa kalsiamu (ndo unaotumika kukadiria joto), yaani unaona mwenyewe sampuli ipi ni chafu na unaitupa. Na wanasema wazi kama walitumia ile dawa kali ya kuondoa utando wa manganizi, jambo kubwa sana hilo, kwa sababu inamega na ganda lenyewe na uwiano unaweza kushuka kama asilimia 10. Uwiano wenyewe unapanda takriban asilimia 9 kwa kila nyuzi 1, kwa hiyo hapo umeshapoteza zaidi ya nyuzi 1 nzima! Kwa fomula ya watafiti Anand na wenzake ya 2003 ya kugeuza uwiano kuwa joto, uwiano wa 3.8 (milimoli kwa moli) ni kama nyuzi 25.6, ukishuka kwa hiyo asilimia 10 unasoma 24.4.

Sasa safu ya chumvi ya bahari kwenye jedwali la ripoti. Wameiweka na desimali mbili, bila kiwango cha kosa, na hapo ndo nimekata nyota. Ganda halipimi chumvi moja kwa moja jamani. Unachukua isotopu za oksijeni za ganda (yaani oksijeni nzito ikilinganishwa na nyepesi), humo joto na maji vimechanganyika, unatoa joto kwa kutumia magnesiamu, inabaki oksijeni ya maji, na bado kuna barafu ndani yake, maana miaka kama 21,000 iliyopita barafu ya nchi kavu ilipandisha oksijeni nzito ya bahari kwa karibu 1 kwa elfu (mtafiti Shackleton alishalionyesha hili la barafu 1967, baada ya mwenzake Emiliani 1955 kuhesabu sehemu kubwa ya mabadiliko ya oksijeni kuwa joto). Ukishatoa na hiyo unageuza kuwa chumvi kwa mlinganyo wa bahari ya leo, wakati mvua na mito ya enzi hizo ilikuwa mingine. Kosa la nyuzi 1 tu ni kama 0.2 kwa elfu ya oksijeni, na sehemu nyingi za tropiki hiyo inakaribia uniti nzima ya chumvi (kama gramu 1 kwa kilo ya maji), alafu chumvi yenyewe nayo inasukuma magnesiamu juu kidogo. Desimali mbili zinatoka wapi?

Nikawaandikia, wakajibu kwa heshima wakanitumia data ghafi zote za oksijeni. Ukiagiza kwao omba hizo data tangu mwanzo, hesabu ya chumvi fanya mwenyewe na makosa yake yote uyaandike.