Tomato sosi ya nyumbani isiyoongezwa sukari: ya kopo dhidi ya nyanya mbichi

Haya, karibuni jikoni. Leo tunaanza na lebo. Leteni macho hapa nyuma ya chupa, maana mbele wamejaza picha ya nyanya na hakuna cha kusoma. Hii ni kechapu ya Heinz, ya Marekani. Nimeichagua kwa sababu lebo yake haizungushi maneno: kijiko kimoja cha chakula, yaani gramu 17, kina wanga (kabohaidreti zote, sukari ikiwemo) gramu 5, na ndani ya hizo 5 sukari ni gramu 4. Gramu 4 ndicho kijiko cha chai cha sukari, kile unachotia kwenye kikombe. Karibu robo ya uzito wa hiki unachominya ni sukari. Na tuambizane ukweli, nani anaishia kijiko kimoja? Kwa muuza chipsi tunaminya mpaka chupa ianze kukoroma.

Wengi mmeniandikia kwamba nyumbani kuna mwenye kisukari, au mmeanza kula wanga kidogo, na swali ni lile lile: tomato sosi tuiache kabisa? Jibu langu ni hapana, ipike mwenyewe. Lakini kabla hatujawasha jiko, tujue kwanza sukari ilikuwa inafanya nini mle ndani. Mapishi mengi ya namna hii yanakwambia toa sukari, weka stevia, kile kitamu cha majani ya mmea, basi. Ndiyo maana watu wanapata kitu cha majimaji, chenye uchungu kwa mbali, kinachoota ukungu mapema.

Sukari ina kazi tatu kwenye kechapu. Ya kwanza kila mtu anaijua, inapoza ukali wa siki. Ya pili ni uzito, ule mng'ao na ulaini wa kushuka taratibu. Ya tatu ni kuhifadhi, na hii ina historia yake. Heinz walianza kuuza kechapu mwaka 1876. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kukawa na ubishi mkubwa Marekani juu ya benzoeti ya sodiamu, kihifadhi ambacho viwanda vingi vilitia kwenye kechapu, na mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo, Harvey Wiley, akaipiga vita. Heinz wakaamua kuachana nayo. Wakachukua nyanya zilizoiva barabara, zenye pektini nyingi, ile gundi ya asili ya matunda, wakaongeza siki na wakaongeza sukari. Sukari hushikilia maji, vijidudu vikakosa maji ya kutumia. Ile ladha nzito, tamu na kali kwa pamoja, ndiyo tuliyoizoea sote mpaka leo. Kwa hiyo ukiitoa sukari, zile kazi tatu zinabaki hazina mtu. Lazima kila moja uitafutie mbadala wake.

Sasa angalia hii nyingine, jina nimelifunika kwa makusudi. Viungo vyake: maji, sukari, nyanya, wanga wa mahindi, siki, chumvi, rangi. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, chenye uzito mkubwa kinatangulia. Maji kwanza, sukari ya pili, nyanya ndiyo kwanza inaingia nafasi ya tatu! Na ule wanga nataka muuone kwa macho. Nina tincha ya ayodini ya duka la dawa. Kijiko hiki cha kushoto ni hiyo sosi, cha kulia ni nyanya ya kopo ambayo lebo yake inasema nyanya na chumvi tu. Tone la kwanza limepotea rangi pande zote mbili, msishangae, vitamini C ya nyanya inaimeza ayodini. Naongeza. Naongeza tena. Haya, tazama pembeni pale kushoto, inageuka bluu inayokwenda kuwa nyeusi. Huo ni ule wanga wa mahindi, wanga wa unga. Kulia imebaki hudhurungi tu, rangi ya ayodini yenyewe. Vijiko vyote viwili vinakwenda kwenye taka, mtu asilambe.

Jaribio hili litakusaidia hata unapochagua nyanya ya kopo au ya paketi, kwa sababu nazo baadhi zimetiwa wanga wa unga na rangi. Ukikuta mchanganyiko wa hivyo, rudisha rafuni, maana sosi yako itakuwa imeharibika kabla hujaianza.

Twende kwenye njia ya kwanza, ya kopo. Makopo mawili yale madogo ya gramu 70. Siki nyeupe vijiko vitatu vya chakula, hakikisha ni ya asilimia 5. Karafuu nne, kipande cha mdalasini urefu wa kidole gumba, pilipili manga kidogo, nusu kijiko cha chai cha unga wa kitunguu saumu, nusu kijiko cha chumvi. Kama nyanya yako ya kopo tayari ina chumvi, onja kwanza.

Jambo la sufuria. Hizi sufuria zetu za aluminiamu, za kila siku, leo ziacheni kabatini. Nyanya ni chachu, siki ni chachu zaidi, vikikaa na aluminiamu kwenye moto vinailamba na sosi inapata ladha ya chuma. Tumia ya stenlesi au ya enameli.

Siki, karafuu na mdalasini vinaingia kwanza, na maji nusu kikombe. Funika, moto mdogo, dakika tano. Fungua dirisha, mvuke wa siki unawasha macho. Hapa ndipo mbadala wa kwanza wa sukari ulipo: mdalasini na karafuu vinaudanganya ulimi uhisi utamu ambao haupo. Mimi nitakuwa mkali kwenye hili, anayeruka hatua hii asilaumu stevia baadaye. Ukiona siki imekuwa na rangi ya chai, chuja, rudisha kwenye sufuria, kisha tia nyanya ya kopo na koroga mpaka madonge yaishe. Funika nusu, maana itaanza kurukaruka, na tone la nyanya ya moto likikupata mkononi utalikumbuka. Dakika kumi na tano moto mdogo, unakoroga.

Utajuaje imeiva? Nilitia kisahani kwenye friji mapema. Dondosha tone hapa katikati. Sekunde chache tu. Unaona ule mduara wa maji unaotambaa kuzunguka tone? Maana yake bado. Rudisha dakika tano. Sasa dondosha tena... tone limekaa, halina maji pembeni. Zima.

Kama unataka ule ulaini wa kiwandani, kuna gundi ya zanthani, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Robo kijiko cha chai inatosha sufuria hii, na kabla hujaitia ikoroge na kijiko cha mafuta ya kula, ukiimwaga kavu inaganda vidonge ambavyo hata blenda inahangaika navyo. Ukikosa, saga mbegu za chia ziwe unga, kijiko kimoja. Wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi. Kwa upande wangu sihitaji chochote, nikipunguza maji vizuri inatosha.

Hesabu yake: gramu 140 za nyanya ya kopo zina wanga kama gramu 27. Ongeza viungo, tufanye 28. Imetoka sosi ya gramu 300 hivi, sawa na vijiko 18. Kijiko kimoja kinabeba wanga gramu moja na nusu, badala ya zile 5.

Njia ya pili, nyanya mbichi. Kilo mbili. Chukua zile ndefu zenye nyama nyingi na maji machache, za kutoka Ilula kule Iringa ni nzuri sana msimu ukikubali. Masalo usiniletee hapa, bei yake inashawishi lakini nyanya iliyoanza kuoza inaanza na vijidudu vingi, na sisi hatuna sukari ya kutulinda. Zikate mbili mbili, tandaza kwenye trei ya oveni au zibanike kwenye kikaango kikavu mpaka ngozi iungue kidogo, saga, chuja mbegu na ngozi. Halafu ni kuchemsha, saa nzima na zaidi, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji. Viungo na siki ni vile vile, siki iongezwe mpaka vijiko saba hivi.

Sasa kuna kitu watu wanakisahau. Maji yanaondoka na mvuke, sukari ya nyanya haiondoki. Kilo mbili za nyanya zina sukari yake ya asili kama gramu 50. Ukizikausha mpaka zibaki gramu 700, yote imo humo humo. Ukijumlisha wanga wote, si sukari peke yake, kijiko kinafika gramu 2 kwa kukadiria, na ukiendelea kuikausha kinapanda. Mbichi si lazima iwe na wanga mdogo kuliko ya kopo. Kinachoamua ni uzito wa mwisho, kwa hiyo kama unahesabu kwa makini, weka sufuria kwenye mizani.

Kwa ladha, ya nyanya mbichi inashinda bila ubishi, ule moshi wa kuungua unakaa mdomoni. Kwa gesi na muda, ya kopo inaiacha mbali. Wiki ya kawaida napika ya kopo. Mbichi ni ya msimu ambao nyanya zimeshuka bei.

Utamu wenyewe. Mnaniuliza asali, tende, sukari guru. Jamani, hizo zote ni sukari. Asali ina wanga zaidi ya gramu 80 katika kila gramu 100, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu pamoja na sukari ya mezani. Na jihadhari na ukwaju, huu ndio mtego wetu wa pwani. Kwa kuwa ni mchachu unadhani hauna kitu, kumbe nyama yake ni zaidi ya nusu sukari. Kipande kidogo cha kunusisha sawa, lakini usiutie kwa vijiko.

Stevia ya matone ndiyo ninayoitumia. Viambato vyake vya utamu vinazidi sukari mara 200 hadi 300, kwa hiyo ni matone machache, onja, ongeza. Ukizidisha inaacha uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Ile ya unga kwenye vipakiti soma nyuma, nyingi zimejazwa maltodekstrini au deksitrosi, navyo ni wanga. Erithritoli, kitamu kingine kisicho sukari, inapikika vizuri na haina uchungu huo, utamu wake ni kama asilimia 70 ya sukari, ila inaacha ubaridi mdomoni kama peremende. Mwaka 2023 ulitoka utafiti uliohusisha kiwango kikubwa chake kwenye damu na mshtuko wa moyo na kiharusi. Wanasayansi wanabishana, kwa sababu mwili wenyewe pia huitengeneza, lakini mwenye tatizo la moyo aongee na daktari kwanza. Zailitoli, kitamu kingine cha aina hiyo, kama una mbwa, isiingie nyumbani. Kiasi kidogo tu kinaweza kumuua.

Na mwaka huo huo wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo sukari kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri ule haukuwalenga walio tayari na kisukari. Mimi ninachokifanya ni kupunguza matone kila ninapopika, na sasa hivi ya nyumbani kwangu iko karibu haina kitamu cha kuongezwa kabisa. Mishkaki haijalalamika.

Hapo hapo niseme la chipsi. Gramu 100 za chipsi zina wanga zaidi ya gramu 30. Ukimwaga sosi hii juu ya sahani nzima ya chipsi, umeokoa gramu chache pembeni ya mlima. Iwekee mayai, kuku wa kuchoma, samaki, mboga, hapo ndipo utaona tofauti. Na anayechoma insulini asibadilishe dozi kwa sababu ya video yangu.

Kuhifadhi: chupa ya kioo, ichemshe kwenye maji dakika kumi, jaza sosi ikiwa ya moto, ikipoa ipeleke friji. Wiki mbili, tatu ukiwa msafi sana wa vijiko. Ukiona doa la ukungu usikwangue juu ukala chini, mwaga yote. Ukitaka ikae zaidi, igandishe kwenye trei ya barafu, unatoa kipande kimoja kimoja. Kabatini, hapana kabisa.

Na wale mnaouliza kama mnaweza kuipaki na kuiuza: kwanza mkaone watu wa viwango, TBS au KEBS kwa walioko Kenya, halafu muwe makini na maneno ya lebo. Viwango vya Codex, yaani vya kimataifa vya chakula, vinataka chakula kinachoitwa hakina sukari kiwe na sukari isiyozidi nusu gramu katika gramu 100. Hii ya kopo ina karibu gramu 6, za nyanya zote. Kwa hiyo andika haijaongezwa sukari, chini yake weka gramu za wanga kwa kijiko ili mwenye kisukari apige hesabu yake, na duka lisilo na friji usilipelekee.