FortiFlora kwa mtoto wa mbwa mwenye parvo: inafaa, ila si siku ya kwanza

FortiFlora ya mbwa, kirutubisho cha bakteria wazuri wa tumbo kutoka kampuni ya Purina, huja kwenye boksi la vipakiti 30, kila kimoja kina gramu 1 ya unga wenye ladha inayowavutia mbwa. Kilicho hai ndani yake ni bakteria wa aina moja tu, Enterococcus faecium SF68, wasiopungua milioni 100 kwa gramu. Kwa mtoto wa mbwa anayepona parvo, ugonjwa wa kirusi unaoleta kutapika na kuhara damu, tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa yule ambaye bado anatapika na kuhara damu hatuipi hata moja, na sababu iko utumboni mwenyewe.

Kirusi cha parvo huzaliana kwenye seli zinazogawanyika haraka: vishimo vya ukuta wa utumbo mwembamba, uboho wa mifupa na tezi za kinga. Vishimo hivyo ndivyo vinavyotoa seli mpya za kuvisha vinyweleo vinavyofyonza chakula. Vikifa, vinyweleo husinyaa na ukuta hubaki wazi, wakati huohuo uboho umeacha kutoa chembe nyeupe za kutosha. Ndipo bakteria waliokuwa wakikaa humo kwa amani, hasa E. coli, wanapopenya hadi kwenye damu. Korona ya mbwa, kirusi kingine cha kuhara, hula ncha za vinyweleo tu na kuviacha vishimo, ndiyo maana kuhara kwake mara nyingi huwa kwepesi.

Uwiano wa bakteria nao hupinduka. Jamii ya E. coli huongezeka. Wale wasiotaka oksijeni hupungua, na hao ndio wanaotengeneza asidi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo mpana na kubadili asidi za nyongo. Nyongo isipobadilishwa, kuhara kunaweza kuendelea hata kirusi kikishapungua. Metronidazole, antibayotiki ambayo wengi hukimbilia kuinunua duka la dawa mbwa akianza tu kuhara, huwaua haohao wasiotaka oksijeni, na athari yake huweza kudumu wiki kadhaa. Asipewe bila daktari wa mifugo kusema.

Hapa ndipo nyota moja inapokatwa. SF68 si miongoni mwa waliopotea. Ni mlinzi wa zamu: hukaa kwa siku unazompa, husaidia kinyesi kishikane, kisha huondoka. Njia inayorudisha jumuiya nzima ni kupandikiza kinyesi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa watoto 66 wa mbwa wenye parvo, baadhi yao walitiwa kwa njia ya haja kubwa gramu 10 za kinyesi cha mbwa mwenye afya kilichochanganywa na mililita 10 za maji ya chumvi ya hospitali. Waliopona katika kundi hilo waliacha kuhara mapema zaidi. Hiyo ni kazi ya kliniki, kwa mbwa mtoaji aliyepimwa.

Kwa hiyo, pesa ikiwa chache, ianze kwa dripu na dawa ya kuzuia kutapika. Vipakiti vinaanza mtoto akishaacha kutapika na kuanza kula: kimoja kwa siku, kikinyunyizwa juu ya chakula kilichopoa. Kama anameza antibayotiki ya jamii ya amoksilini, acha saa mbili katikati, la sivyo dawa inawaua bakteria uliowanunua.

Chakula kiwe kuku aliyechemshwa bila mfupa na wali laini, kidogo kidogo mara nne hadi sita kwa siku. Posho (ugali) na mukene (dagaa) visubiri kinyesi kigande. Maziwa yasiguswe kabisa: kimeng'enya cha kuvunja sukari yake hukaa kwenye vinyweleo vilevile vilivyoharibika, kwa hiyo sukari hubaki utumboni, huvuta maji na kuhara huzidi. Bongo (maziwa mgando) ina sukari pungufu kidogo, lakini bakteria wake wa kugandisha maziwa hawachukui nafasi ya kipakiti hiki.

Ukinunua Kampala, angalia tarehe ya mwisho na uliza boksi limekaa wapi. Lililopigwa jua dirishani liache hapo hapo. Kipakiti kikiwa na mabonge, unyevu umeingia na bakteria walio hai huenda ni wachache kuliko ilivyoandikwa.

Sakafu nayo ioshwe, maana kirusi hiki huishi nje ya mwili kwa miezi. Sugua kwanza kwa sabuni, suuza, kisha mwaga jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 20 ikiwa chupa imeandikwa 3.5%, na iache dakika 10 ikiwa mbichi.

Kinyesi kisipobadilika baada ya wiki moja, usiongeze vipakiti. Peleka sampuli mbichi ipimwe minyoo na giardia (kimelea kidogo cha utumboni), ambavyo watoto wa mbwa wenye parvo huwa navyo mara nyingi.