Nimelipia mwaka mzima apu ya ufadhili wa utafiti wa uzee, haya ndo niliyoyaona

Jina lake nalihifadhi maana nina malalamiko na sitaki kesi na mtu, ila wenzangu wa utafiti wa uzee mnaijua hii, ni ile inayokukusanyia matangazo ya ruzuku na makongamano ya fani yetu sehemu moja halafu inakugongea notifikesheni kila kikiingia kipya. Nimelipia mwaka mzima kwa hela yangu mwenyewe, siyo ya maabara, kwa hiyo nikilalamika asinisemeshe mtu. Nyota 3 kati ya 5.

Upande wa makongamano wametulia kweli. Mfano mkutano wa GSA, kile chama cha wanajerontolojia (watafiti wa uzee) cha Marekani kilichoanza 1945, wenyewe unakuwaga Novemba lakini muhtasari wa utafiti unaotaka kuuwasilisha wanautaka miezi mingi kabla, na wengi ndo tunapochemshia hapo, unakumbuka mkutano wakati wenzio washapangiwa mpaka ukumbi. Apu inakukumbusha kwanza tarehe ya muhtasari, halafu mwisho wa kujisajili kwa bei ya chini, mkutano wenyewe ndo unakuja mwisho. ARDD ya Copenhagen, ya utafiti wa uzee na dawa zake, ipo, AAIC ya watu wa Alzheimer's, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ya kila Julai ipo, hata kongamano la dunia la IAGG, muungano wa vyama vya wanajerontolojia duniani, ambalo ni mara moja kila miaka 4 lipo (la Buenos Aires korona ililisogeza hadi 2022 likaishia kufanyika mtandaoni, linalofuata wakalipangia Amsterdam 2026). Na kuna kitu kidogo nilikipenda sana, kwenye Gordon Research Conferences, ile mikutano midogo ya wanasayansi, wameandika kabisa kwamba hairuhusiwi kupiga picha slaidi wala kurekodi, kwa sababu pale watu wanaonyesha data ambayo haijachapishwa. Mgeni asiyejua atanyanyua simu yake mbele ya maprofesa wote, na aibu yake hiyo ataondoka nayo.

Sasa njoo kwenye hela za ruzuku.

Kutafuta tu ni mtihani. Waingereza wanaandika ageing, Wamarekani wanaitoa ile e wanaandika aging, na apu inaona hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Siku najiunga niliweka la Kiingereza cha Waingereza, nikakaa wiki tatu nashangaa mbona NIA kimya, taasisi ya serikali ya Marekani iliyoundwa 1974 kwa ajili ya uzee, mfadhili mkubwa kuliko wote kwenye fani, hawezi kunyamaza wiki tatu huyo. Nikaitoa ile e. Loh, mafuriko! Na ndani ya mafuriko hayo kuna madaraja yaliyozeeka, nyaya za umeme zilizozeeka, zege lililozeeka. Mi nashughulika na misuli ya wazee jamani.

Halafu, na hili ndo linaniuma kuliko yote, hawaonyeshi ruzuku ni ya miaka mingapi. Labda fani nyingine wanaweza kuvumilia, sisi hatuwezi, kwa sababu muda ndo kitu chenyewe tunachokichunguza. Panya wa maabara unaanza kumhesabu mzee akiwa na kama miezi 24 hivi. Ukichukua mdogo ukamsubiri azeeke mikononi mwako, ruzuku ya miaka 2 itaisha na yeye ndo kwanza anafika umri uliokuwa unautaka. R03, ruzuku ndogo ya NIH (taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIA ni mojawapo), ni hadi dola 50,000 kwa mwaka, miaka 2, basi. Kwa muda huo unaandika andiko la kuomba ruzuku la kutumia panya ambao tayari ni wazee, NIA wenyewe wanawafuga kwa ajili ya watafiti, au unachambua data iliyokwisha kukusanywa, mfano ile ya utafiti wa uzee wa Baltimore, Marekani, ambako wamekuwa wakifuatilia watu tangu 1958. R01, ile ruzuku yao kubwa, inaweza kwenda miaka 5, hapo unapanga andiko jingine kabisa. Lakini ndani ya apu R03 na R01 zote ni kikadi kilekile cha kijani, jina, mfadhili, tarehe, kwisha habari. Ya miaka mingapi ukachimbe mwenyewe.

Vigezo navyo hivyohivyo. K99, ruzuku nyingine ya NIH, haitaki uwe umezidisha miaka 4 ya postdoc (ile kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD), Marie Curie, ufadhili wa postdoc wa Ulaya, inahesabu miaka isiyozidi 8 tangu upate PhD. Apu iliniuliza siku ya kwanza nilimaliza PhD mwaka gani, nikajaza kwa adabu zote, na haijawahi kuitumia hiyo taarifa popote. Kuna rafiki yangu ana miaka 6 ya postdoc, K99 analetewa kila msimu kama salamu za sikukuu.

Na saa je? Maombi ya Marie Curie yanafungwa saa 11 jioni kwa saa za Brussels. Ya NIH saa 11 jioni kwa saa za pale taasisi yako ilipo. Hizo siyo saa 11 moja, lakini apu inakuandikia tarehe tu, kama vile siku nzima ni yako.

Mimi yaliyonikuta ni ya barua ya nia, ile ya kumwambia mfadhili unakusudia kuomba kabla ya kutuma andiko lenyewe. Kuna mfuko mmoja nilikuwa naufukuzia, apu ikanionyesha dedilaini, nikahesabu nina wiki saba, nikajipanga vizuri tu, nikamwomba bosi wangu barua, nikaanza bajeti. Kuingia kwenye fomu yenyewe ili nijisajili nakuta sentensi moja kwamba waliotuma barua ya nia wakakubaliwa ndo wanaoendelea, na barua ya nia mwisho wake ulishapita siku kumi. Tarehe waliyonipa ilikuwa ya andiko kamili. Nilikaa naangalia skrini tu. Bosi barua alishaiandika, kurasa mbili, nzuri kweli, ipo kwenye kompyuta yangu mpaka leo.

Nikawaandikia. Walijibu baada ya siku tatu, kwa heshima, wakarekebisha lile tangazo moja, wakasema barua za nia huwa wanaziweka kwenye "maelezo ya ziada". Nikaenda kuyatafuta hayo maelezo ya ziada kwenye matangazo mengine. Yapo kweli, unabonyeza vidoti vitatu, unashuka chini mpaka mwisho, halafu unabonyeza tena.

Mwezi ujao usajili wangu unaisha. Nimewauliza kama wanaweza kuniuzia kalenda ya makongamano peke yake, bado hawajajibu.