Mbwa wa kulinda kuku, mwaka na nusu Pongwe: nyota tatu na nusu

Wafugaji wenzangu wa Tanga niliahidi nikimaliza mwaka ntaandika, sasa nimepitiliza. Nyota tatu na nusu kati ya tano, na hizo tatu zote ni za usiku.

Ilianza kicheche kaniingilia bandani, matetea 11 usiku mmoja. Hata hali, anang'ata shingo anaacha anaenda kwa mwingine, asubuhi unawakuta wamelala kama wamepangwa. Na banda lilikuwa na wavu wa kuku ule laini wa matundu ya pembe sita, ule jamani kazi yake kumzuia kuku asitoke tu, jamaa kafukua chini kapita zake.

Mbwa wa kwanza nilinunua kwa muuzaji mmoja simtaji, laki na nusu, "kaka hii chotara ya German Shepherd, kwa ulinzi usipime". Wiki ya pili namkuta na kifaranga mdomoni anakirusha juu anakidaka. Baadae ndo nakuja kuelewa German Shepherd asili yake mbwa wa kuchunga kondoo, kukimbiza vitu iko kwenye damu, wale wa kulala na mifugo ni kina Kangal wa Uturuki, Namibia kuna mradi unawapa wafugaji mbwa wa namna hiyo tangu 1994 sababu ya duma. Sasa mimi duma wa nini.

Wa pili ni koko wetu huyu huyu, nimepewa bure Muheza ana miezi miwili. Nikamlaza ubavuni mwa banda, anawaona kuku kupitia wavu tu, akigeuka kuwakimbiza namkemea palepale. Usitegemee haraka, miezi nane alikuwa bado hovyo, kwenye wa 14 ndo akatulia. Juzi kabweka ile ya mfululizo, natoka na tochi naona macho mawili kwenye mkonge, mbwa manyoya ya mgongo yamesimama, katimua hatua chache tu afu karudi kukaa mlangoni mwa banda. Hapo nikasema huyu kaelewa kazi.

Mchana sasa, zero. Analala. Mwewe hamjali, nguchiro anapita nyuma ya choo, na hawa kunguru wa shingo ya kijivu wanakula kwanza kwenye sahani ya mbwa ndo wanaondoka na kifaranga! Kilichosaidia ni nyavu mbovu za wavuvi, nimeziokota Deep Sea, pale soko la samaki, kwa bei ya soda mbili nikatandaza juu ya uwanja wa vifaranga.

Matumizi sio makubwa, ugali na dagaa, ila chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka hapo msibane hela. Majirani walinisema najisi najisi, ustadhi wa mtaa ndo kanitetea, mbwa wa kulinda mifugo ruhusa, ila asiingie ndani na chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, moja na udongo.

Ile laki na nusu ningenunua wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi nikauchimbia futi moja chini, afu koko ndo afuate. Chotara nimempa binamu Kange, analinda gereji, eti huko wanamsifia.