Filamu Tatu za Uganda, na Masikio ya Mama

Mvua za mwezi huu zimetufungia ndani jioni nyingi hapa Tororo, nikaona niitumie nafasi hiyo kumwonyesha mama filamu zinazohusu nchi yetu. Mama amepita miaka sabini. Alikuwa mke wa askari polisi, akatulea watoto sita kambini Nsambya, Kampala, ambako jirani wa kulia alikuwa Mlugbara, wa kushoto Mteso, wa ng'ambo Msamia, na bomba la maji lilikuwa moja. Pale bombani ndipo nilipojifunzia Kiswahili. Leo kazi yangu ni makaratasi ya mizigo mpakani Malaba, na kutoka asubuhi hadi jioni naongea Kiswahili na madereva kuliko lugha nyingine yoyote.

Natanguliza hayo ili ieleweke kwa nini filamu ya Uganda naisikiliza kabla ya kuitazama. Watu wengi wakiniambia filamu fulani ni nzuri watasifia picha, watasifia mapigano, watamsifia mwigizaji. Mimi huuliza: wanaongeaje humo ndani? Wakiongea kama watu ninaowajua, hata picha ikiwa na chengachenga nitavumilia.

Tulianza na *The Last King of Scotland*, ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kevin Macdonald. Niliwahi kuiona zamani kwa kuibia, nikiwa na watu wanaopiga kelele, kwa hiyo naweza kusema hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona sawasawa. Hadithi inamfuata daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, anayekuja Uganda mwaka Idi Amin anapochukua nchi, yaani 1971, wakakutana barabarani na mwisho akawa daktari wake. Ukiitazama na watu wa umri mdogo waambie mapema: daktari huyo hakuwahi kuwepo. Ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden. Amin ni wa kweli, Kay mke wake ni wa kweli, ndege iliyotekwa ikaletwa Entebbe mwaka 1976 ni ya kweli. Mpwa wangu aliyekuwa nasi alitazama robo tatu ya filamu akiamini Garrigan yumo kwenye vitabu vya historia.

Forest Whitaker ndiye Amin, na kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Oscar mwaka 2007. Alistahili. Tazama macho yake yanavyobadilika kabla mdomo haujabadilika: anacheka, watu wanacheka naye, halafu jicho moja linalala kidogo na wewe uliyekaa kwenye kochi unaacha kutafuna. Filamu ilipigwa hapahapa Uganda, na Waganda wamo. Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa kikundi cha ngoma cha Ndere, anamwigiza Jonah Wasswa kwa utulivu uliomfanya mama aseme, "Huyu mzee namjua," ingawa hamjui. Abby Mukiibi ni Masanga, na mtu huyo akiingia chumbani unatamani kutoka.

Sasa tuje kwenye masikio. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hii, na kinasikika hapa na pale. Lakini Amin wa filamu anaongea Kiingereza karibu muda wote, hata hotuba ile kubwa ya mwanzo mbele ya umati. Baada ya dakika ishirini hivi mama aliuliza kwa Kiswahili chake cha kambi, ambacho hajawahi kuona sababu ya kukibadilisha: "Mbona huyu naongea Kizungu sana?" Nikamweleza kwamba mhusika mkuu ni Mskoti, lazima waelewane. Akatikisa kichwa. "Yeye sauti yake ilikuwa natoka kwa tumbo. Kizungu ilikuwa nakwama hapa," akagusa koo.

Na hilo ndilo ninaloidai filamu hii. Amin aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, na lugha ya jeshi lile ilikuwa Kiswahili. Ndicho alichoamrishia, ndicho alichotaniana nacho na wanajeshi wake, na mwaka 1973 ndiye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Ukimsikia kwa Kiingereza tu, unampata mtu wa kuchekesha anayetisha. Kwa Kiswahili ungempata mtu aliyeweza kuingia kambini saa kumi na moja asubuhi, akawaita askari wa chini "ndugu zangu", nao wakamfuata. Nafasi ya kutuonyesha hilo ilikuwepo, kwa sababu kuna matukio yasiyo na Mzungu hata mmoja karibu.

Pale askari walipoanza kufoka kwa Kiswahili kwenye filamu, mama aliweka chini bakuli la karanga. Sikuelewa mpaka baadaye, umeme ulipokatika tukabaki na taa ya simu. Aliniambia kwamba masikio yake yaligeuka. Kwake Kiswahili kina sauti mbili. Ipo ya bombani, ya kuazimana chumvi. Na ipo ya barabarani, ya "panda gari". Vijana wa leo neno hilo hawalijui hivyo. Mimi mwenyewe nikiwa Malaba humwambia utingo "panda gari" mara kumi kwa siku. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa serikali ya pili ya Obote, panda gari lilikuwa jina la msako: wanajeshi wanaziba mtaa wa Kampala alfajiri, wanaamuru watu kupanda malori, na wengine hawakurudi. Mjomba wangu alipandishwa. Alirudi siku ya nne, bila viatu. Mama alisema kwamba kwa mwaka mzima mjomba hakutaka kusikia Kiswahili nyumbani kwao, hata salamu. Na ni lugha hiyohiyo waliyoingia nayo wakombozi kutoka Tanzania mwaka 1979, watu wakawashangilia barabarani. Miaka mitatu tu katikati.

Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya wasiotujua isingeweza kubeba yote hayo, naelewa. Hata hivyo ilimfanya mama ayaseme, jambo ambalo mimi sikuwahi kufanikiwa kwa kumuuliza. Naipa nyota nne kati ya tano. Tahadhari: sehemu ya Kay na ile ya uwanja wa ndege mwishoni ni ngumu mno. Mama aliondoka akaenda kuchungulia sufuria isiyokuwa na kitu. Usiiweke watoto wakiwa macho.

Wiki iliyofuata nilitaka kitu cha kumpooza, nikaenda kujaza *Queen of Katwe* kwenye fleshi. Duka nililokwenda siku hiyo halikunitendea haki. Nakala ilikatika dakika kadhaa kabla ya mwisho, na niliporudi niliambiwa filamu yenyewe ndivyo ilivyo. Sivyo ilivyo. Nilipata nakala kamili kwa mtu mwingine, na wewe hakikisha yako imefika mwisho kabisa, kwa sababu mwisho wake ndio zawadi: kila mwigizaji anasimama pamoja na mtu halisi aliyemwigiza. Lupita Nyong'o na mama halisi wa Phiona, David Oyelowo na Robert Katende, Madina Nalwanga na Phiona Mutesi. Ukikosa hapo umekula wali bila kitoweo.

Ni hadithi ya Phiona, msichana wa Katwe anayeuza mahindi, anayefuata harufu ya uji mpaka kwenye kibanda ambako Katende anafundisha watoto sataranji. Mira Nair aliyeiongoza, mwaka 2016, si mgeni hapa. Kampala ni kwake, na tangu 2004 ana taasisi yake ya Maisha inayofundisha vijana wa Afrika Mashariki kutengeneza filamu. Inaonekana. Matope ya Katwe ni matope ya Katwe. Watoto wengi mle hawakuwa waigizaji, na wanabishana kama watoto wanavyobishana. Kuna kitoto, Gloria, kinachomfundisha Phiona jinsi kete ndogo ya mbele inavyoweza kuvuka ubao wote ikageuka malkia, na kinamfundisha kwa sauti ya mwalimu aliyechoka na mwanafunzi mzito. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso.

Kisha kaka yake Phiona anagongwa na pikipiki, anatibiwa, na mama yao anamtorosha hospitali kwa sababu pesa ya kulipa haipo. Hapo mama yangu hakucheka. Alisema tu, "Ndiyo." Aliwahi kufanya hivyo kwa ajili yangu, mwaka sitautaja, na sikujua mpaka jioni ile.

Kiingereza kimetawala hapa pia, ni filamu ya Disney, lakini ni Kiingereza chetu, kile kinachovuta mwisho wa neno na kuweka "eh" mahali pake, na Luganda kinachungulia kila dirisha. Nyota tano. Hii itazameni wote, na babu, na wageni.

(Kulikuwa na nyingine, ile ya utekaji wa Entebbe ya mwaka 2018. Sehemu kubwa ilipigwa Malta. Mama alitazama uwanja wa ndege, akaniuliza ni wapi pale. Tukaizima.)

Ya tatu ni *Who Killed Captain Alex?*, na hii nilisitasita kumwonyesha. Ni kazi ya Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliga, mtaa wa hapo Kampala ambao sasa dunia inauita Wakaliwood. Ya mwaka 2010, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki zimechomelewa kwa vyuma chakavu. Helikopta inayoshambulia Kampala imechorwa kwenye kompyuta ambayo Nabwana aliiunga mwenyewe kwa vipande vya kompyuta nyingine. Nakala ya asili haipo tena, maana aliifuta ili kompyuta ipate nafasi ya kazi iliyofuata. Kilichobaki ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie juu yake, ndilo hilo tunalolitazama wote.

Kwa msomaji wa nje ya Uganda: kwenye vibanda vyetu vya video filamu ya kigeni haiachwi peke yake. Yupo VJ, anayeifasiri kwa Luganda papo kwa papo, anawapa waigizaji majina ya mtaani, anawaonya, anawatania. Wakenya wanaye DJ Afro, Watanzania walikuwa na Lufufu wao, kwa hiyo mnaelewa. Ila hapa waigizaji wanaongea Luganda tayari, naye Emmie anapiga kelele kwa Kiingereza juu yao, na wala hafasiri. Anashangilia. Anatangaza watu kama mtangazaji wa mpira anavyotangaza penalti.

Kisa ni chepesi: Kapteni Alex anatumwa kumkamata Richard, bosi wa genge la Tiger Mafia, kisha anakutwa amekufa, na ndugu yake Bruce U, bingwa wa kung-fu, anaingia kumtafuta muuaji. Muuaji ni nani? Usisubiri jibu. Nimeitazama mara mbili, filamu haisemi, na sikulalamika mara zote mbili.

Ninachokipenda, na nasema kwa moyo wangu wote, ni kwamba hakuna mtu ndani ya filamu ile anayejieleza kwa Mzungu. Wanapigana, wanakufa, wanaongea kwa ajili ya mtaa wao. Ukuta unaoonekana nyuma ya komando ni ukuta wa jirani, na nguo zimeanikwa. Mapigano ya mikono ni ya kweli, vijana wale wamefanya mazoezi, miguu inaruka. Damu ya kompyuta haifanani na damu, na hiyo inakwisha kukusumbua baada ya dakika tano. Sauti ya Emmie inaweza kukuchosha ukiwa umezoea filamu tulivu, na kuna sehemu ningependa anyamaze nisikie Luganda. Nyota nne na nusu.

Mama alitazama yote kwa mara moja, miguu juu ya stuli. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa mlangoni kwa sababu ya milio ya risasi, tukawakaribisha. Siku ya pili walikuja tena kuomba, na spika yangu ikagoma: picha inaenda, sauti hakuna. Nikawa nahangaika na waya nyuma ya runinga. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya mama, imara, ya bombani:

"Sasa huyu najificha. Najificha bure, maana matako yote iko nje. Na huyu mrefu nakuja polepole, nafikiri yeye ni paka. Angalia! Alex, geuka! Wewe Alex, nani alikufundisha kazi?"

Watoto wakaangua kicheko. Niliacha waya nikakaa chini pamoja nao. Alikwenda hivyo kwa zaidi ya saa nzima, kila askari akampa jina la mtu wa kambini Nsambya, na nusu ya majina hayo niliyakumbuka. Jana jioni yule mdogo kuliko wote alibisha hodi, akauliza kama jaja (bibi) anaongea leo au ni filamu tu.